Mbuzi Wawili wa Siku ya Upatanisho

Usiku wa kuamkia siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, kuhani mkuu wa Yerusalemu hakulala. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inasimulia kwamba siku saba kabla yake alitengwa na nyumba yake akawekwa katika chumba kimoja cha Hekaluni. Wazee walimsomea taratibu za kazi yake, kisha wakamwambia asome mwenyewe kwa kinywa chake, huenda amesahau au hakupata kujifunza. Siku moja kabla ya kazi, asubuhi, walimsimamisha kwenye lango la mashariki, wakampitishia mafahali na kondoo awazoee. Wakamwapisha asibadilishe hata neno moja. Naye akageuka akalia, nao wakageuka wakalia. Usiku akianza kusinzia, makuhani vijana waliliza vidole mbele yake na kumwambia asimame apoze miguu kwenye sakafu ya mawe.

Wakristo tumezoea kuipita siku hiyo haraka. Tunaijua kwa sentensi moja: zamani walichinja wanyama kwa ajili ya dhambi, kisha akaja Yesu aliye sadaka ya kweli. Sentensi hiyo si ya uongo, ila mara nyingi tunaijaza picha ambayo Mambo ya Walawi hayaijui. Ni picha ya Mungu aliyekasirika, mnyama anayepigwa mahali pa mtu, na hasira inayotulia baada ya damu kumwagika. Tukiisoma sura ya 16 ya Walawi jinsi ilivyo, bila kuwahi msalabani, tunakuta jambo jingine. Na nadhani jambo hilo linaufanya msalaba usomeke kwa uzito zaidi kuliko ile picha tuliyozoea.

Sura inaanza na msiba. Wana wawili wa Haruni, Nadabu na Abihu, wamekufa kwa kuleta moto wa kigeni mbele za Bwana, na Musa anaambiwa amwonye kaka yake asiingie ndani ya pazia wakati wowote apendao, asije akafa. Haruni anavua mavazi yake ya utukufu na kuvaa kitani tupu. Ana fahali kwa ajili yake mwenyewe na nyumba yake, na mbuzi wawili kutoka kwa mkutano wa Israeli. Anawapigia kura mbuzi hao: mmoja wa Bwana, mwingine wa Azazeli, jina ambalo sura hiyo hailielezi. Anamchinja fahali, anaingia na chetezo cha makaa na konzi mbili za uvumba ili moshi ukifunike kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, kisha ananyunyiza damu. Anatoka, anamchinja mbuzi aliyeangukiwa na kura ya Bwana, anarudi ndani na damu yake. Muda wote huo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuwamo hemani, yaani katika hema ya ibada iliyotangulia Hekalu.

Tazama damu inaenda wapi. Inanyunyizwa kwenye kiti cha rehema, mbele ya kiti hicho mara saba, kwenye hema, kwenye pembe za madhabahu. Hakuna tone linalomwangukia mtu. Kuna ibada nyingine katika Torati ambamo damu huwagusa watu: agano la Sinai, kuwekwa wakfu kwa makuhani, kutakaswa kwa mwenye ukoma. Lakini katika siku hii kuu kuliko zote, damu inasafisha nyumba, na aya ya 16 inataja sababu waziwazi: patakatifu panafanyiwa upatanisho kwa ajili ya unajisi wa wana wa Israeli na makosa yao yote, kwa kuwa hema inakaa pamoja nao katikati ya uchafu wao.

Mwanazuoni wa Kiyahudi Jacob Milgrom, aliyefundisha miaka mingi Berkeley huko California na kuandika ufafanuzi mkubwa wa Walawi wa juzuu tatu, alilijengea hoja jambo hili kwa uangalifu ambao wahubiri wengi hawajaukaribia. Alionyesha kwamba dhambi katika Walawi haibaki kwa mtenda dhambi peke yake. Inasafiri, inakwenda kushika patakatifu hata kama mkosaji yuko mbali, na kadiri kosa linavyokuwa zito ndivyo linavyopenya ndani zaidi. Mtu wa kawaida akikosa bila kukusudia, damu ya mnyama wake hutiwa kwenye pembe za madhabahu ya nje, uani. Akikosa kuhani mkuu au mkutano mzima, damu hupelekwa ndani ya hema, mbele ya pazia. Makosa ya ukaidi, yale ya mtu anayejua anachofanya na bado anafanya, yamepenya hadi Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani ya pazia, na huko hakuna anayeingia ila siku hii moja.

Kwa hiyo kinachohofiwa ni kuondoka kwa Mungu. Nabii Ezekieli aliona hilo katika maono yake: utukufu wa Bwana ukiinuka juu ya makerubi, ukisimama kwenye lango la mashariki, kisha ukiuacha mji na kusimama juu ya mlima ulio mashariki yake. Mungu mtakatifu aliyeamua kukaa katikati ya watu wachafu hawezi kukaa humo bila nyumba kusafishwa. Siku ya Upatanisho ndiyo inayomwezesha kubaki.

Na damu hiyo ni ya nani? Sura inayofuata, ya 17, aya ya 11, inajibu kwa maneno ambayo ningependa yasomwe polepole kila mara mtu anapotaka kuhubiri juu ya sadaka. Uhai wa mwili umo katika damu, nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu, ili kufanya upatanisho kwa ajili ya nafsi zenu. Anayesema nimewapa ni Mungu. Katika dini nyingi za ulimwengu wa kale watu walipeleka chakula kwa miungu ili miungu ishibe na kutulia. Hapa njia imegeuzwa: damu ni mali ya Mungu, mtu amekatazwa hata kuionja, na Mungu ndiye anayeirudisha kwa watu kama njia ya kuwaponya. Israeli hawakuibuni sadaka ili kumbembeleza Mungu asiyetaka kusamehe. Aliyetaka kusamehe ndiye aliyewaandalia.

Najua pingamizi litakalotolewa. Je, ghadhabu ya Mungu haimo katika Biblia? Imo, na sitaki kuifuta. Nadabu na Abihu waliteketea. Paulo anaanza hoja yake katika Warumi kwa ghadhabu iliyodhihirishwa kutoka mbinguni. Lakini utakatifu unaoua yule anayeuingilia ovyo ni jambo moja, na mungu anayehitaji kuona damu ili moyo wake ulainike ni jambo jingine kabisa. Kitabu cha Walawi kinalijua la kwanza. La pili hakilijui. Hata kile kisa kinachopendwa sana mimbarani, kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni ili akifa ndani wamvute nje, hakimo katika Torati wala katika Mishna. Kimetokana na maandishi ya karne za kati, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Hekalu kuanguka. Mishna yenyewe inasema jambo lenye upole zaidi: akitoka ndani alisali sala fupi tu, asiirefushe, ili watu waliokuwa wakisubiri nje wasiingiwe na hofu.

Turudi kwa mbuzi, maana hapa ndipo penye utajiri. Mishna inaagiza wafanane kwa sura, kimo na bei, na wanunuliwe kwa pamoja. Kura zilikuwa vibao viwili, zamani vya mti, baadaye kuhani mkuu Ben Gamla akavifanya vya dhahabu. Yule wa Azazeli alifungwa sufu nyekundu kichwani. Na wakati kuhani mkuu akiingia kwanza na uvumba, damu ya fahali iliachwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiikoroga bila kusimama, ili isigande kabla hajarudi kuichukua. Najaribu kumwona mtu huyo, jina lake halijulikani, mkono wake ukizunguka katika bakuli huku masikio yote yakiwa upande wa pazia. Kuhani akirudi alinyunyiza akihesabu kwa sauti: moja, moja na moja, moja na mbili, hadi moja na saba, asije akakosea.

Kisha akamjia mbuzi aliye hai. Akamwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake uovu wote wa wana wa Israeli, akautia juu ya kichwa cha yule mbuzi, na mbuzi akapelekwa jangwani na mtu aliyewekwa tayari. Katika desturi ya Hekalu la pili, mtu huyo alimfikisha kwenye genge na kumsukuma, na Mishna inasema kwamba kabla hajafika nusu ya mlima alikuwa amekwisha vunjika viungo vyote. Walawi wenyewe hawasemi hivyo. Katika Walawi anaachiliwa aende, akiwa amebeba maovu hadi nchi isiyokaliwa na watu.

Sasa weka mbuzi hao kando kwa kando. Yule anayechinjwa, sura ya 16 haisemi popote kwamba alibebeshwa dhambi. Yule aliyebebeshwa dhambi hachinjwi madhabahuni. Kazi zimegawanywa: damu ya mmoja inaingia ndani kusafisha mahali pa Mungu, na mwili wa mwingine unatoka nje kuondoa uovu kutoka kwa watu. Tunaposema kwa mkato kwamba dhambi ziliwekwa juu ya mnyama naye akachinjwa badala ya mtu, tumewachanganya wanyama wawili ambao Torati iliwatenganisha kwa kura.

Isaya 53 ndiyo inayoanza kuwaunganisha. Mtumishi wa Bwana anapelekwa kama mwana-kondoo machinjioni, na mtumishi huyohuyo anabeba maovu ya wengi. Nafsi yake inafanywa kuwa sadaka ya hatia. Mbebaji na mchinjwaji wamekuwa mmoja, tena mwanadamu. Yohana Mbatizaji anapomwonyesha Yesu na kumwita Mwana-kondoo wa Mungu aichukuaye dhambi ya ulimwengu, anaendeleza muungano huo. Kwa hesabu ya Torati tamko lake ni la kushangaza, kwa sababu mwana-kondoo wa Pasaka hakuchukua dhambi ya mtu yeyote. Aliliwa. Damu yake Misri ilipakwa kwenye miimo ya milango ili mharibifu apite, na nyama ikachomwa na kuliwa na jamaa nzima usiku uleule, pamoja na mboga chungu. Wasamaria, ambao leo ni mia nane hivi tu, bado wanafanya hivyo kila mwaka juu ya mlima Gerizimu, karibu na Nablus: kondoo wanachinjwa jua likizama, wanatungwa kwenye miti mirefu na kushushwa katika mashimo ya moto yaliyofunikwa udongo, na watu wanakula kwa haraka usiku wa manane. Aliyebeba dhambi kwenda mbali alikuwa mbuzi. Yohana anachukua ukombozi wa Misri na uondoaji wa Siku ya Upatanisho na kuviweka juu ya mtu mmoja anayetembea kando ya Yordani.

Waraka kwa Waebrania unakwenda mbali zaidi, na ndio uchambuzi mkubwa kuliko wote wa siku hii ndani ya Agano Jipya. Mwandishi wake, ambaye hakujitaja jina, hamzungumzii kabisa mbuzi wa Azazeli. Macho yake yako kwa yule anayeingia. Kuhani mkuu aliingia mara moja kila mwaka na damu isiyo yake; Kristo ameingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe, katika patakatifu pasipofanywa kwa mikono. Kwake Torati ina kivuli cha mema yatakayokuja, na kivuli hakidharauliwi, kwa kuwa hakiwezi kuwepo bila mwili unaokitupa. Anachokazia ni kurudiarudia. Kama sadaka zile zingemaliza kazi, anauliza, je, zisingekoma kutolewa? Kila mwaka zilileta kumbukumbu la dhambi. Kuhani alisimama kila siku akifanya kazi, na Kristo, baada ya kutoa sadaka moja, aliketi.

Naona Waebrania wanaigusa hapa sehemu ambayo ibada yenyewe ilikwisha kuikiri. Hesabu 15 inasema mtu aliyekosa bila kukusudia alete mbuzi jike wa mwaka mmoja, naye atasamehewa. Lakini afanyaye kwa mkono wa kujikweza anamtukana Bwana, na mtu huyo atakatiliwa mbali. Hana mnyama wa kuleta. Daudi alilijua hilo. Alipomlala Bathsheba na kumuua Uria kwa upanga wa Waamoni, ng'ombe hawakukosekana katika mazizi ya mfalme, ila hakuna kifungu cha Torati kilichompa sadaka ya kuua na kuzini. Ndiyo maana Zaburi ya 51 inasema Mungu hapendezwi na dhabihu, la sivyo angeitoa. Wengi huisoma aya hiyo kama maneno ya unyenyekevu. Mimi naiona kuwa ni maelezo sahihi ya sheria: mfalme amefika mahali ambapo hana cha kuleta. Kilichobaki kwa mtu wa aina yake ni ile siku moja ambayo mwingine anaingia kwa niaba yake, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kukanyaga, na kufanya kazi ambayo hawezi hata kuiona. Kama kuna mahali ambapo Torati inaelekeza kidole mbele, ni hapo, penye mlango uliofungwa mbele ya Daudi.

Na Paulo, anapoandika kwa Warumi kwamba Mungu mwenyewe amemweka Kristo awe upatanisho katika damu yake, anafuata njia ileile ya Walawi 17. Anayetoa ni Mungu. Kwa Wakorintho anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuna barua ya Paulo inayosema Mungu alipatanishwa na sisi. Sisi ndio tunaopatanishwa naye. Mafundisho kwamba kifo cha Yesu kililipa deni la heshima ya Mungu yalipata umbo kwa mwanateolojia Anselm wa Canterbury mwishoni mwa karne ya 11, na Wanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16 wakayapeleka zaidi upande wa adhabu ya mahakamani. Wana maandiko yao na wana sababu zao. Lakini fundisho hilo likisimama peke yake, bila Walawi, Baba na Mwana hugawanyika kuwa mwenye kudai na mwenye kudaiwa, na mkosaji anabaki anamshukuru mmoja huku akimwogopa mwingine.

Suala hili si la wanazuoni peke yao. Katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki damu ya Yesu inaimbwa kila wiki, na uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika ukibeba ujumbe huo wa damu inayosafisha, watu wakiungama hadharani na kurudisha mali walizoiba. Huo ulikuwa usomaji mzuri wa Walawi, hata kama wengi wao hawakuijua Mishna. Siku hizi maneno yaleyale yanatumika kwa kazi nyingine. Unasikia mtu akiambiwa alete sadaka kubwa ili afungue mlango wa kazi, apande mbegu ili avune nyumba, atoe mpaka imuume ili mbingu zishtuke. Hapo mshale umegeuzwa. Mtu ndiye anayetoa na Mungu ndiye anayesubiri kulipwa, na madhabahu imerudi kuwa mahali pa kununulia upendeleo.

Anayefundisha hivyo akafungue Walawi 5. Mwenye kosa alete mwana-kondoo jike au mbuzi jike. Kama hana uwezo huo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kama hata hao hawezi kuwapata, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani, na kuhani atateketeza konzi moja juu ya madhabahu, naye mtu huyo atasamehewa. Unga! Hakuna hata tone la damu. Waebrania wanakumbuka hilo, ndiyo maana wanasema kwamba katika Torati karibu vitu vyote husafishwa kwa damu. Hilo neno karibu limebeba kibaba cha unga cha mtu maskini. Bei ya msamaha katika Torati inashuka kumfuata mtu mpaka sakafuni. Mariamu alipokwenda Hekaluni baada ya kujifungua alitoa sadaka ya ndege wawili, ile iliyowekwa kwa ajili ya wasioweza mwana-kondoo. Aliyezaliwa katika nyumba hiyo ndiye tunayemwita Mwana-kondoo, na bado kuna watu wanaosimama kwa jina lake na kumpandishia mjane bei.

Kuna upotovu mwingine, mkongwe zaidi, na huu ulimwaga damu ya kweli. Karne ya pili, askofu Melito wa Sardi, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alihubiri juu ya Pasaka kwa ufasaha wa ajabu. Alifananisha sadaka za Torati na kielelezo ambacho fundi hukitengeneza kwa nta, udongo au mti kabla ya kujenga; jengo likisimama, kielelezo hakina kazi tena. Kisha akageuka na kuwashtaki Israeli kwamba wamemuua Mungu. Shtaka hilo liliishi Ulaya karne nyingi, mara nyingi likiamka karibu na Pasaka, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulilazimika kutamka waziwazi kwamba mateso ya Kristo hayawezi kutwikwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Kuzisoma sadaka za Torati kama ishara za Kristo hakukumlazimisha Melito afike huko. Waraka wa Barnaba, andiko la Kikristo lisilomo katika Biblia lililoandikwa kabla yake, ulimwona Yesu katika mbuzi wa Azazeli aliyetemewa mate na kuvikwa sufu nyekundu. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, aliona katika wale mbuzi wawili ujio wa Kristo wa kwanza na wa pili. Usomaji huo unaweza kukubaliwa au kupingwa. Lakini anayeiona ibada ya watu wengine kuwa kielelezo cha kutupwa, si ajabu akafika mahali pa kuwaona watu wenyewe hivyo.

Ndiyo maana nina mashaka na hoja moja inayosambaa sana miongoni mwetu. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema kwamba miaka 40 kabla ya Hekalu kubomolewa, kura ya Bwana haikutokea tena katika mkono wa kulia, uzi mwekundu haukugeuka kuwa mweupe, taa ya magharibi haikuendelea kuwaka, na milango ya Hekalu ilifunguka yenyewe. Hekalu liliteketezwa na majeshi ya Kirumi ya Tito mwaka 70. Toa 40, wanasema wahubiri, unapata mwaka 30: marabi wenyewe wameshuhudia kwamba baada ya Kalvari sadaka hazikukubaliwa tena. Hesabu inavutia. Hata hivyo ukurasa huo wa Talmudi hauzungumzii msalaba. Unaomboleza Hekalu, na katika Biblia 40 ni namba inayotumika mara nyingi kwa kipindi kizima cha majaribu. Imani ya Waebrania haikuegemea uzi wa sufu. Kumfanya jirani ashuhudie jambo ambalo hakulisema ni kumwekea maneno mdomoni, hata kama ni kwa nia ya kumtukuza Kristo.

Afadhali tuwasikilize marabi pale wanaposema wenyewe. Mishna, mwishoni mwa sehemu inayoeleza siku hii, inaweka mpaka: makosa kati ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho huyafanyia upatanisho, makosa kati ya mtu na mwenzake, haiyafanyii, mpaka amridhishe mwenzake kwanza. Yesu anasema jambo hilohilo katika Mathayo 5. Ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, uende ukapatane naye, ndipo urudi. Sijui kwa nini wahubiri wa damu hulipita agizo hili upesi namna hiyo. Mtu aliyemdhulumu nduguye shamba la urithi anaweza kuimba juu ya Kalvari mpaka sauti ikauke; Walawi 6 bado inamdai arudishe alichochukua kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano, na amlipe mwenyewe siku ileile ya sadaka yake ya hatia. Zakayo alilielewa hilo bila kuhubiriwa, akaahidi mara nne.

Hekalu lilipokwisha kuungua, jamii mbili zilibaki bila madhabahu. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba Rabi Yohanani ben Zakai alikuwa akitoka Yerusalemu pamoja na mwanafunzi wake Rabi Yoshua, na Yoshua alipoona magofu akalia: ole wetu, mahali pa kufanyia upatanisho dhambi za Israeli pamebomolewa. Yohanani akamjibu kwamba wanao upatanisho mwingine ulio sawa na ule, yaani matendo ya fadhili, akamnukulia Hosea: nataka rehema, wala si sadaka. Aya hiyohiyo Injili ya Mathayo inamweka Yesu akiinukuu mara mbili, mara moja akiwa mezani kwa watoza ushuru. Na Waebrania, baada ya sura nzima za damu na pazia, wanamalizia nje ya lango: Yesu aliteswa huko, kama miili ya wanyama wa Siku ya Upatanisho ilivyochomwa nje ya kambi, basi tumtokee huko, tukilichukua shutumu lake. Kisha wanawaambia wasomaji wasisahau kutenda mema na kushirikiana, maana sadaka za namna hii ndizo zinazompendeza Mungu.

Yohanani na mwandishi wa Waebrania wanakubaliana kuhusu sadaka iliyobaki. Wanatofautiana kuhusu ile iliyotangulia: kwa Yohanani, fadhili zimechukua nafasi ya damu ya mbuzi. Kwa Mkristo, fadhili zinafuata baada ya nyumba kusafishwa, na aliyeisafisha ni yuleyule aliyesema kule jangwani, nimewapa ninyi.